Lipia Masomo ya Sataranji, Dada

Mtaa wa Washona Viatu, Na. 9,
Gyumri, Armenia.
12 Machi 2024

Mpendwa dada Zaruhi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Marseille? Shemeji Antranig na mgongo wake wanaendeleaje? Sisi hatujambo, isipokuwa baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka na mama anakohoa asubuhi. Kula anakula. Jana alimaliza supu yote, kisha akalalamika kwamba haikuwa na chumvi.

Barua yako niliipata juzi. Unauliza kama inafaa kumlipia Daron mwalimu wa sataranji wa mtandaoni. Dada, usinichezee! Ile michezo mitatu uliyoambatanisha imeandikwa kwa herufi zetu za Kiarmenia, na huyo mwanao hata jina lake hawezi kuliandika kwa herufi hizo. Nilicheka hadi mama akaniuliza nina nini. Basi nakujibu wewe, Daron tumwache na mpira wake.

Jibu langu ni ndiyo, lipia. Bei inauma, sikatai. Lakini usilipie video. Mimi nilinunua video arobaini, nikawa naziangalia huku natafuna mbegu za alizeti na kuitikia kwa kichwa kama mtu wa maana, na Ijumaa klabuni Smbat ananifunga vilevile. Miaka kumi na moja ananifunga yule kinyozi!

Ndipo nikajiandikisha kwa mwalimu wa kuonana naye kwenye skrini, mama mmoja wa Vanadzor aitwaye Haykuhi. Akaniambia nimtumie michezo yangu. Nikamtumia niliyoshinda, maana karatasi za niliyoshindwa huwa nazichana papo hapo. Akazitazama, akasema, "Vardges jan, ndugu yangu, hizi ni picha za harusi. Nionyeshe panapouma." Nilinuna wiki nzima. Kisha nikakaa, nikaandika upya michezo niliyoshindwa, yote kutoka kichwani, kwa sababu ile haisahauliki. Kwa nusu saa tu akaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: nikitishiwa kidogo, nakimbilia kubadilishana malkia ili vita viishe mapema. Woga mtupu. Hakuna video ambayo ingeniambia hivyo.

Ubaya wake pia sikufichi. Kwenye mashindano ya mji nilikuwa nawania nafasi ya nne katika timu ya kwenda Yerevan. Nikapangwa na Smbat, nikamzidi kete nzima, ngome, jasho linamtoka. Nikasogeza farasi, nikakunja mikono, nikangoja. Kwenye skrini saa hujigeuza yenyewe kila ukicheza, klabuni hatutumii saa, na mimi kwa miezi mitano sikuwa nimebonyeza saa hata mara moja, basi nikasahau kuibonyeza ili zamu iende kwake! Dakika zangu sita za mwisho zikayeyuka huku Smbat akitazama dari. Nikapoteza mchezo.

"Hilo mwalimu wako hakukufundisha, eh?" akaniambia.

"Cheka tu, kinyozi," nikamjibu. "Ila kwa mkono ule unavyotetemeka, kesho nani atakubali umnyoe?"

Ukumbi mzima ukacheka, na yeye pia. Siku iliyofuata nilishinda michezo miwili iliyobaki, na nafasi nikaipata. Kwa hiyo soma kwenye skrini, lakini cheza pia kwenye ubao wa mbao, na saa uibonyeze kwa kidole chako.

Kuna jambo jingine, na ni gumu kwangu kuliandika. Baba alipopata nafasi ya mtoto mmoja kufundishwa sataranji, alinipeleka mimi kwa kuwa ni mvulana. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulikuwa unanishinda kila jioni. Ulinifunga vifungo vya koti, ukanisindikiza hadi mlangoni. Mimi nilijua nafasi ile ilikuwa yako, dada, na bado nikaenda. Inaniuma hadi leo. Sasa una miaka hamsini na sita, unaona haya ya nini? Michezo yako nimeicheza yote ubaoni. Ule wa pili mimi nisingeuweza.

Msalimie Antranig, mbusu Daron, na shangazi Satenik mwambie picha zake zimefika. Mama anawaombea afya njema na meza isiyokosa wageni.

Mwalimu Haykuhi ana nafasi kila Jumatano. Nimemwambia kuna mwanafunzi mpya atampigia. Akikuuliza jina la mwanafunzi, taja lako.

Mdogo wako akupendaye sana,
Vardges