Ufa Niliopaka Rangi

Jeddah, Bani Malik

Mama Syombua mke wangu,

Uko aje? Goti limeacha kukusumbua? Mimi niko mzima, meno yote yapo isipokuwa yale uliyokuta hayapo. Juzi nilikupigia nikuambie jambo, ukaanza kucheka kabla sijafika katikati, na mimi nikaligeuza mzaha. Ndio maana naandika. Barua nampa dada anayefanya kazi nyumba jirani, anarudi Kenya kesho.

Huko niliwaambia mimi ni fundi mkuu wa pikipiki za mashindano. Uongo. Naendesha pikapu tu. Bosi anashindana Riyadh, mimi nabeba pikipiki. Mwezi jana akaanguka kwa kona. Yeye akatoka na michubuko, pikipiki ikatoka imepinda shingo.

Tukirudi, mdomo ukanitangulia: "Bosi, kwetu nimefufua zilizokanyagwa na lori!" Akaniachia. Nikafanya kama pale stendi ya bodaboda kwetu: gurudumu la mbele katikati ya magoti, nikanyonga usukani mpaka ukanyooka. Nikaweka mkono mpya wa breki. Halafu pale shoki za mbele zinaposhikwa nikaona ufa, mwembamba kama unywele. Nilijua ni ufa, Mama Syombua. Nikapaka rangi nyeusi.

"Kwisha, mzee?"

"Halas, bosi! Mafi mushkila!" Yaani imekwisha, hakuna shida.

Siku ya kupakia twende Riyadh, mama yake bosi akasimama mlangoni akaniombea dua, Mungu abariki mikono inayomlinda mwanawe. Hiyo mikono ndiyo iliyopaka rangi. Nikachukua msumari, nikakwangua rangi bosi akiona.

Akapitisha ukucha. "Uliona?"

"Niliona."

"Ungeniua, mzee, ili usionekane hujui."

Afadhali angenipiga. Akaipeleka kwa fundi Mpakistani, huko mtaa wa Sharafiya. Huyo akafungua yote, akakuta ufa mwingine ndani. Akaniuliza, "Baba, kwenu pikipiki inatibiwa na rangi?" Nikacheka na wao. Halafu nikaenda nyuma ya pikapu nikalia. Bosi hajanifukuza, lakini pikipiki siigusi tena, hata kuipanguza.

Sasa sikia. Kakako Munyao alipoanguka na pikipiki yake kabla sijasafiri, si ni mimi nilimtengenezea? Chini ya usukani palikuwa na ufa. Nikapaka rangi. Na kila siku anabeba watu. Jana nimempigia aache kuipanda. Akacheka mpaka akakohoa: "Shemeji, ya leo ni kali!" Nikaapa kwa kaburi la mama. Akazidi kucheka. Miaka yote nimemlisha hadithi, leo ataniaminije?

Wewe anakuamini. Ukimaliza kusoma, toka hivyo hivyo uende ukachukue ufunguo. Akikunyima, beba kisu, ukwangue hapo chini ya usukani aone na macho yake.

Nisalimie mama mkwe, na ndugu yangu wa kwaya, na fundi wa viatu pale stendi. Wakiuliza habari ya fundi mkuu, waambie yote. Usinifichie.

Ni mimi mume wako,
Baba Syombua