Ng'ombe wa Nyumba Tano

MAELEZO YA SHAHIDI
Boma la Dodoma, tarehe 14 Agosti 1912

Jina: Yoramu mwana wa Malogo. Umri: yapata miaka arobaini. Kazi: mkulima na mfugaji. Makazi: karibu na Nzuguni.

Sisi nyumba tano tulichanga mbuzi tukanunua mtamba mmoja. Anakaa kwa mmoja wetu mpaka azae. Ndama anabaki pale, mama anahamia nyumba inayofuata. Mimi ndiye niliyeanza. Wanne tulikwishapata ndama, na kwangu sasa ng'ombe wamefika watatu. Wa tano ni Loisi, mjane, hana hata mbuzi. Alingoja zamu yake miaka sita, na ng'ombe alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu azae.

Mnamo tarehe 9 Agosti, asubuhi, wakati wa kufungulia mifugo, Jumbe Sila alifika kwenye tembe la Loisi na watu wake wawili. Alikuwa anaoa mke wa tatu, anataka nyama ya karamu. Tukakusanyika. Akauliza yule ng'ombe ni wa nani.

Kwetu, ng'ombe aliyewekwa kwa mtu hatajwi mwenyewe mbele ya mkubwa, maana ukitaja mwenye huyu utaulizwa na wale walio zizini mwako ni wa nani. Loisi akasema kweli yake: "Si wangu, nimewekewa."

Jumbe akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua kinywa, hata mimi. Nilikuwa naliwaza zizi langu.

Akacheka. "Basi hana mwenyewe."

Walimchinja palepale mlangoni. Walipopasua tumbo akatoka ndama jike, ameshaota manyoya, ulimi nje. Jumbe akaamuru atupiwe mbwa. Mtu mzima, na kilemba chake kichwani! Nilishikwa na kinyaa, na mpaka leo nikimwona natema mate.

Kisha akagawa nyama, kila nyumba fungu moja, ili tunyamaze. Loisi alilirudisha lake. Langu nililipokea, mke wangu akapika, nikala. Ilikuwa nyama nzuri. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote.

Nimesomewa haya, ndivyo nilivyosema. Siongezi wala sipunguzi.

Dole gumba la shahidi.

Maneno ya karani: Shahidi amekuja kwa hiari yake, kwa miguu. Nilimuuliza kama yuko yeyote kati ya wenzake watatu aliyempa Loisi ndama. Akasema bado hakuna. Nikamuuliza, na yeye je? Akaomba maji ya kunywa.

Abbasi bin Yahaya, karani.