Fundi kajifungia chooni

Shoga, nimecheka mpaka mbavu zinauma!!

Unaukumbuka ule mlango wa choo unaokwama? Kila nikimpigia fundi aliyetujengea ananiambia, "Nyumba mpya hiyo dada, utazoea."

Leo kaja. Kaingia chooni, kaubamiza mlango ili anionyeshe kuwa ni mzima. Ukagoma kufunguka!! Na vifaa vyake vyote kaviacha nje.

"Dada, nifungulie! Mlango mbovu huu!"

Mbovu!! Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake!

Mama mkwe akamjibu kutoka sebuleni, "Nyumba mpya hiyo baba, utazoea."

Nikampitishia bisibisi dirishani, akaung'oa. Sasa anaupiga randa.

Mama mkwe kashamsogelea: "Ukimaliza hapo, kajifungie stoo. Mlango ule nao ulisema ni mzima."