Tulivyopishana na Engozi ya Baba

Jumapili, jioni. Mvua imekatika lakini Nkwenda nzima bado inanuka matope. Nimetoka hospitalini, nimepika ndizi, sikuzila. Sina wa kumwambia haya, basi nayaandika hapa.

Alhamisi nilifundisha darasa la saba maswali ya mwendokasi, yale ya magari mawili. Yakielekeana, unajumlisha mwendokasi wa yote mawili, kisha unagawa umbali kwa jumla hiyo, unapata muda wa kukutana. Yakifuatana, unatoa. Watoto huyaogopa maswali haya kuliko yote, mimi nayapenda. Nilifundishwa na Baba alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Nyakatuntu, na mpaka leo naandika ubaoni kwa mpangilio wake. Alikuwa na maneno aliyotuchosha nayo. Ukimaliza kukokotoa, ukanyoosha mkono kwa furaha, hata jibu halitazami. "Soma swali tena," anasema, na kukupita.

Ijumaa asubuhi mdogo wangu Deus akapiga simu. Baba ameanguka shambani kwenye kahawa, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. "Dada, tafuta gari uje. Sisi tunamshusha na engozi sasa hivi." Engozi ni machela yetu ya kubebea wagonjwa mabegani, maana mvua ikinyesha gari halipandi kile kilima cha kwetu. Kabla sijauliza lolote simu ikakatika, na haikupatikana tena. Bondeni kule hakuna mtandao.

Gari nilipata upesi, la Kaijage, anayepeleka watu vijijini siku za soko. Tulipoondoka tu nikaanza kukokotoa. Kutoka Nkwenda hadi kwetu ni kilomita kumi na nane. Gari kwenye matope yale, ishirini kwa saa. Wabebaji, nne. Jumla ishirini na nne. Kumi na nane gawa kwa ishirini na nne ni robo tatu ya saa. Kwa hiyo tungekutana nao karibu na kanisa la kigango, kilomita tatu kabla ya nyumbani.

Kaijage alinitazama pembeni. "Mwalimu, hata mgonjwa unamfanyia hesabu?"

Nikamwambia aendeshe tu. Nilikuwa na hofu kubwa, na hesabu ndiyo iliyonishikilia. Ukweli ni kwamba nilipopata jibu nilitulia kidogo, kama vile Baba ameshapona.

Tukafika kigangoni. Hakukuwa na mtu.

Tukasubiri. Nikasema wamechelewa kuanza. Nikasema wamepumzika. Kichwani nikawapunguzia mwendo kutoka nne hadi tatu, ili jibu langu libaki sahihi. Mwisho tukasogea hadi chini ya kilima, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Nilimkuta Mama mlangoni na wanawake wa jirani. Aliponiona niko peke yangu akashika kichwa.

"Mmepishana nao wapi? Wameondoka zamani, wamepita kwenye vibanja!"

Nilikaa chini palepale uani.

Engozi haipiti barabarani. Inapita njia ya miguu, ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, kutoka nyumba hadi nyumba, kwa sababu kila nyumba hutoa wanaume wa kuwapokea waliochoka. Barabarani kuna mikaratusi tu, nani atakupokea? Na mimi nimezaliwa pale. Nikiwa msichana nilikuwa nasimama pembeni ya kibanja chetu na maji ya kuwanywesha wabebaji. Hakuna aliyeniambia njia kwa sababu hakuna aliyedhani naweza kuisahau. Lakini miaka yote hii nimeandika ubaoni "katika barabara moja", nikaamini, nikamweka baba yangu mwenyewe kwenye barabara ya kitabuni.

Njia yao inatokea barabarani kwenye kona ambayo sisi tulishaipita wakati wa kwenda. Nikashuka kilima mbio, tukageuza gari. Sasa likawa swali la kufuatana, na nikajikuta natoa: ishirini toa nne. Nilijichukia. Na hata hapo nilikosea, kwa sababu hawakuwa wakitembea. Walikuwa wamekaa kwenye majani kando ya kona, Baba wamemfunika kwa koti la Deus, wanatusubiri tutokee upande wa Nkwenda. Walipoona gari linatokea nyuma yao wakasimama wote, wanashangaa.

Deus hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dada," alisema, "engozi ilianza lini kupita barabarani?"

Ta Rugemalira, jirani yetu mzee aliyekuwa bado ameshikilia mti wa engozi begani, akamkatisha. "Mwache. Pole, mwanangu. Mpakieni mzee tuondoke."

Daktari anasema kiharusi kinataka haraka. Nilimuuliza kama muda ule tuliopoteza ndio ulioondoka na mkono wa Baba. Akasema hawezi kujua. Labda alisema hivyo kwa huruma, labda ni kweli. Mimi pia sitajua, na hilo ndilo linalonitesa.

Leo mchana nilikaa na Baba tukiwa wawili tu. Uso umeanza kurudi, mkono bado. Nikamweleza yote: ishirini, nne, robo tatu ya saa, kigango. Alinisikiliza hadi mwisho, macho yake yale ya kusahihisha. Kisha akahangaika na mdomo muda mrefu, mate yakamtoka, nikayafuta.

"Soma," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanguke. Yaliyobaki hayakutoka. Nikamalizia mimi, swali tena, Baba, swali tena, na nikalia mbele yake kama mtoto. Alinibana vidole kwa mkono wa kushoto.

Kesho nina darasa la saba, kipindi cha kwanza. Nitaandika ubaoni: wabebaji wanashuka na mgonjwa, gari linapanda kuwapokea, watakutana baada ya muda gani? Watajumlisha, watagawa, mikono itainuka. Sitatazama jibu la yeyote mpaka mmoja wao aniulize engozi inapita njia ipi.