Kioo Kilichotazama Paa

Hillbrow, mwezi wa tano, 2019

Mama yangu mpendwa,

Nisamehe. Tangu upande basi la kurudi Lubumbashi baridi ya mwaka jana sijakuandikia hata mstari mmoja, na sasa baridi nyingine imeshafika dirishani. Si kwamba nimekusahau. Kila nikikaa niandike, mteja anaingia saluni anataka misuko ya kutwa nzima, au Gloria anaitia kalamu mdomoni, au umeme unakatika na mimi nafurahi kwa sababu nimepata kisingizio cha kulala. Kwenye simu tunaongea, najua. Lakini kwenye simu unaniuliza kama mtoto anakula, nakwambia anakula, halafu Baba Gloria akikohoa tu huku nyuma, wewe unasema chaji imekwisha. Ndiyo maana naandika. Karatasi haina chaji.

Nakuomba barua hii usiisome peke yako. Mpe mama mdogo aisome kwa sauti mkikutana wamama wa kanisa, wale wale unaoogopa watasema. Wasikie kwangu, mimi niliyekuwepo.

Unakumbuka asubuhi ile tulipoondoka? Ulikuwa umevaa sweta zako zote, moja juu ya nyingine, na soksi ndani ya kandambili. Ulisimama barabarani chini ya ghorofa letu ukatazama juu, ukasema, "Hawa watu wana dhahabu chini ya ardhi, na jua lao limezimika?" Jirani alituazima gari lake tukuchukue hadi Pietermaritzburg ukamwone mjomba, kaka yako wa pekee, ambaye hukuwa umemwona tangu alipoondoka nyumbani akiwa kijana. Ulikuwa umekaanga mandazi ndoo nzima. Ulisema kaka hapokelewi kwa mikono mitupu, hata kama ni yeye anayekupokea wewe.

Wamama wanaonisikiliza huko wanaijua desturi yetu, lakini Gloria akikua ataisoma barua hii, na yeye anakua kwa Kiingereza na Kizulu cha watoto wa ngazini, kwa hiyo naieleza. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawasemezani wao kwa wao. Mpaka siku mama mkwe asonge bukari, ugali wetu, kwa mkono wake, amkaribishe mkwe, wale pamoja mbele ya mashahidi. Hapo wamefunguliwa. Sisi tulifunga ndoa huku mbali, na nyinyi wawili hamkuwahi kufunguliwa. Ulipokuja kunisaidia na mtoto tulining'iniza pazia katikati ya chumba, na bwana yangu akawa anakula kwenye korido na sahani magotini kama mpangaji asiyelipa. Hakulalamika. Alifurahi kwamba umekuja.

Kabla hajawasha gari alinyanyua mkono, akakigeuza kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kikatazama paa. Wewe ulikuwa umekaa nyuma na mtoto, na kioo kilikuwa kimejaa uso wako. Ulimwona alivyofanya. Ulitabasamu, ukageukia dirishani, ukaninong'oneza, "Huyu alilelewa."

Basi tukaenda. Mimi nilikaa mbele nikiwa mdomo wenu.

"Mwambie mwenzako apunguze mwendo, hatukimbizwi," unasema.

"Mwambie mama huu ndio mwendo wa chini, hata malori yanatupita."

"Mwambie malori hayana mjukuu ndani."

Na yeye anapunguza, anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Mama, watu watatu wazima ndani ya gari dogo, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri, na mimi natafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu saluni, wateja wananishangaa.

Tulipoupita mji wa Harrismith mbingu iliteremka. Vitu vyeupe vikaanza kuangukia kioo cha mbele, na wewe ukasema, "Wanachoma nyasi," kwa sababu kwetu wakati wa kipwa, mvua zikishaisha, majivu ya porini huanguka hivyo hivyo juu ya nguo tulizoanika. Ulishusha dirisha ukanyoosha mkono, ukaurudisha haraka. "Majivu ya baridi," ukasema, na ukampaka Gloria kidogo kwenye shavu. Alilia, halafu akacheka. Ile ndiyo dakika nzuri ya safari yetu, na ninaitunza.

Halafu askari wa barabara akatusimamisha. Njia ya kuteremka mlima ilikuwa imefungwa. Malori yalijipanga pembeni, magari madogo tukaambiwa tugeuze turudi tulikotoka. Wote waligeuza. Sisi tulikuwa wa mwisho kwenye ule mstari. Baba Gloria akaanza kurudi nyuma, vioo vya pembeni vimefunikwa na theluji, cha ndani kinatazama paa.

"Geuza kioo," nilimwambia.

"Siwezi. Uso wa mama umo."

Akatoa kichwa dirishani, theluji ikamjaa machoni, na gurudumu la nyuma likaingia mtaroni. Tulisikia gari linakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Magari mengine yalikuwa yameshaondoka. Bomba la moshi lilizama kwenye theluji, na dereva wa lori lililokuwa jirani akaja mbio kutukataza kuwasha injini, akasema moshi ungerudi ndani utumalize. Kwa hiyo hata ule moto mdogo wa gari ukazimwa. Alisema ameshapiga simu, trekta ya shamba itakuja, lakini haitakuja haraka.

Gloria alianza kupoa. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa, kama vijiko. Wewe hukupoteza muda. Ulivua sweta moja baada ya nyingine, ukafungua kifua chako, ukamlaza mtoto ngozi kwa ngozi, ukaniita nyuma nikufunike na sweta zote na kitenge chako cha ndege wa buluu. Ulipoanza tu kufungua kifungo cha kwanza, nilisikia mlango wa mbele. Bwana yangu alikuwa ameshatoka. Aliufunga mlango taratibu, akasimama kwenye theluji, mgongo umetuelekea. Mkwe hawezi kukaa gari moja na mama mkwe aliyevua. Hakuna aliyemwambia atoke. Alijua.

Nilimgongea kioo. "Nimezoea," alisema bila kugeuka. "Kazi yangu si ni kusimama?" Ni kweli, analinda geti la karakana ya nguo kule Doornfontein. Lakini pale getini ana koti la kazi, ana buti na mbabula, jiko la makaa. Siku ile alikuwa amevaa viatu vya kanisani, vyembamba kama majani ya ndizi, kwa sababu alikuwa anakwenda kutambulishwa kwa mjomba.

Alisimama. Mabega yakawa meupe. Mwanzo alikuwa anarukaruka, baadaye akaacha, na alipoacha kuruka ndipo nilipoogopa.

Yule dereva wa lori, mzee wa Kizulu, akatuletea chai kwenye chupa. Aliinama dirishani, macho ameyaweka chini kwa adabu, akakuita gogo, yaani bibi: "Gogo, mtoto wako anakufa pale nje. Nimemwita kwenye lori langu, hataki kuwaacha."

Nikakutafsiria. Ukasema, "Mwambie si mtoto wangu. Ni mkwe wangu."

Mzee alisubiri nimtafsirie. "Sisi pia tunayo heshima hiyo," akasema. "Mke wangu hajawahi kutamka jina la baba yangu hadi leo. Lakini heshima haina soksi, gogo."

Akaondoka. Wewe ulibaki unaitazama chai.  Kisha ulifunga kifua, ukaniwekea Gloria ndani ya nguo zangu, keshapata joto, keshalala. Ukashusha dirisha mwenyewe.

"Kabeya," ukaita.

Mama, tangu nimeolewa nilikuwa sijasikia jina lake kinywani mwako. Na yeye alikuwa hajalisikia. Aligeuka polepole, macho ardhini, meno yanagongana. Akaniambia mimi, "Mwambie mama niko sawa."

"Sijamtuma mtu akwambie," ukasema. "Nimekwambia wewe. Ingia."

Akaingia nyuma, mimi nikahamia mbele na Gloria. Hakuweza kufungua viatu, vidole vya mikono vilikataa, ukavifungua wewe. Soksi ziling'ang'ania ngozi. Vidole vya miguu vilikuwa na rangi ya mshumaa. Ulikishika kitenge chako kwa meno ukakipasua katikati: pande moja ukajifunika nalo kichwa na uso wote, ili usimwone wala asikuone, na pande la pili ukamfunga nalo miguu. Halafu ukaiweka miguu ile ya barafu kwenye tumbo lako. Tumbo lililonibeba mimi. Ukaisugua, unaimba chini ya kitambaa wimbo uliokuwa unaniimbia nikiwa na homa. Na yeye alikilaza kichwa nyuma akakitazama kile kioo chake kilichotazama paa, machozi yakamshuka hadi masikioni.

Trekta ilitutoa kabla giza halijaingia. Mjomba alituwekea chakula, hatukufika.

Yaliyofuata unayajua, lakini wamama wayasikie. Tuliporudi ulijilaza ukageukia ukuta. Nilikuletea uji, ukasema, "Nimemshika mkwe miguu nikaiweka tumboni. Nikifika nyumbani nitasema nini?" Ukakata siku zako, ukarudi kabla sijawa tayari kubaki peke yangu. Pale kituoni bwana yangu alikubebea mizigo yote, akaipanga chini ya basi, kisha akajificha nyuma ya nguzo mpaka basi likaondoka. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona, alikuwa anapunga mkono pale nyuma ya nguzo, mahali ambapo hakuna mtu angemwona.

Yeye hajambo. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimekufa ganzi, anasema hicho ndicho kidole chake cha heshima. Anatania, lakini sauti yako ikisikika kwenye simu anachukua kiti anatoka kwenda kwenye korido, hata sasa, na korido yetu unaijua inavyovuta upepo. Anaamini amekuaibisha. Wewe unaamini umejiaibisha. Mama mdogo amenidokezea kwamba mimba hii yangu unaiogopa, unasema tulivunja mwiko na mtoto ndiye atakayelipa, na ndiyo maana huji.

Mama, nisikilize mimi mwanao. Imeingia mwezi wa saba na anacheza humo ndani kama yuko uwanja wa mpira. Hana deni na mtu. Gloria leo anapanda ngazi mwenyewe, anaiita kila robot, taa ya barabarani, kwa rangi yake, na baba yake anatembea kwenda kazini kwa miguu yake yote miwili. Ukiniuliza ni mwiko gani ulivunjika siku ile, mimi naona kitenge tu ndicho kilichopasuka. Ulijifunika uso ukamshika miguu. Ni mama gani wa kanisa hapo angefanya zaidi ya hivyo kumheshimu mtu na kumwokoa kwa wakati mmoja? Yupo, asimame aseme, nitamjibu kwa barua nyingine.

Nimechoka, Mama. Nasimama saluni mchana kutwa, jioni nabeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na juu ya hao nawabeba nyinyi wawili mdomoni. Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika, lakini mdomo huu sasa naupumzisha. Huyu akizaliwa nataka uwe hapa, na pazia sitalitundika tena. Nimeshalishona gauni la Gloria.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayohitaji bado, mpe yule mama anayekuja kununua nywele huku, anajua saluni yangu. Samaki wakavu wa Kasenga, si wakubwa, wakubwa harufu yao inajaa jengo zima. Sombe iliyokaushwa, yale majani ya muhogo. Sweta usitume, sweta ninazo, ulizoacha ni zako na zinakungoja. Lile pande la kitenge ulilojifunika uso: la kwetu tumelifua tumelitunza, nataka kuyashona yawe kitenge kimoja nimbebee mtoto. Unga wa mahindi na muhogo, uuchekeche kwa mkono wako, nusu uitume, nusu ubaki nayo. Jumapili moja baada ya ibada songa bukari yako huko mbele ya wamama, mimi nitasonga huku, tutaweka simu mezani, mle nyinyi wawili unga mmoja. Desturi inataka mkono wako, na mkono wako utakuwemo. Ukija utamsongea tena, itakuwa nyongeza.

Na kabla ya hayo yote, leo hii barua ikishasomwa, tuma sauti yako kwenye simu yake, si yangu. Maneno machache yanatosha. Anza na jina lake kama ulivyoanza siku ile kwenye theluji, na neno "mwambie" lisiwemo.

Wako uliyemzaa wa kwanza,
Mama Gloria