Diski ya Mia Moja na Sitini

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Tarehe imetoka! Alhamisi ya tarehe 23, saa tatu asubuhi, kamati ya kuhakiki wanaoomba vitambulisho itaketi tena. Ugbad ameusoma ule ujumbe kwenye simu mara tatu, akanionyesha, akausoma tena. Binti yangu ana miaka kumi na tisa, mtihani kaupita vizuri, na kitambulisho hana. Chuo cha uuguzi kimemshikia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Bila kitambulisho, basi tena. Kompyuta ya serikali inasema yeye ni mkimbizi wa kambi ya Hagadera. Mkimbizi! Amezaliwa hapa hapa Garissa.

Kamati inataka kadi yake ya kliniki ya utotoni. Kadi yenyewe ilikwenda na mafuriko ya mwaka jana, pamoja na sanduku la bati na kila karatasi yetu, tulipokuwa bado tunaishi mtaa wa Ziwani. Lakini mimi ni mwalimu, karatasi huwa siziachi hivi hivi. Mwaka 2012 niliazima skana ya shule nikapiga kila kitu – kadi, vyeti, kipande cha utambulisho cha marehemu baba. Vyote vimo kwenye kompyuta ya mezani, ile kuukuu, katika sehemu ya diski iitwayo D.

Shida ni kwamba haiwaki. Diski inagonga tak, tak, tak, kisha skrini inakuwa nyeusi. Nimepata diski nyingine, mtumba, GB 500. Kesho nitaichomeka kando ya ile ya zamani, niweke Windows kwenye hii mpya, halafu nihamishe vitu. Rahisi. Nimemwona mtu akifanya kwenye YouTube.

Mke wangu Amran anasema nimpelekee fundi Kioko. Nikamwambia mimi kompyuta nilisomea chuoni. Mwaka gani? akauliza. Nikaenda kutafuta bisibisi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeharibu. Ya Rabbi, nimeharibu.

Niandike yalivyokuwa. Kwenye skrini zilitokea diski mbili, namba 0 na namba 1. Nikasema moyoni, sifuri ndiyo tupu, hii ndiyo mpya. Akili ya mwalimu wa Kiswahili! Nikafuta partisheni ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha diski hiyo. Nikafuta ya pili. Mashine ikauliza, una hakika? Nina hakika. Nikaweka Windows juu yake. Dakika arobaini nimekaa natazama asilimia zikipanda, nakunywa chai, najisifu.

Ilipowaka nikatafuta D. Hakuna D. Nikaangalia ile diski nyingine – tupu, safi, GB 500, haijaguswa.

Ugbad alikuwa ametoka kuswali adhuhuri. Akachungulia mlangoni, akaniita baba kwa Kisomali chetu: Imekubali, Aabo? Nikasema bado kidogo. Akaniletea maji. Niliyanywa yote kwa pumzi moja, naye akadhani ni joto, akaigeuza feni upande wangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikufundisha. Niliwapa darasa la saba insha, nikakaa.

Amran nimemwambia. Hakupiga kelele. Ameingia kukanda unga. Ugbad bado hajui.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeenda kwa Kioko, kibandani kwake Soko Mugdi. Mkamba wa Mwingi huyu, miaka kumi na sita yuko hapa, anabishana kwa Kisomali na akina mama sokoni bila kukwama. Nikamweleza. Akavua miwani.

"Umefuta partisheni?"

"Nimefuta."

"Na ukaweka Windows juu yake?"

"Nimeweka."

"Ai, Mwalimu! Ungeniletea ikiwa mgonjwa. Sasa umeniletea maiti."

Kisha akanihurumia. Anasema kufuta si kuchoma. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa nyingine bado zipo, ila mashine haijui ni za nini na zinaanzia wapi. Windows imeandika juu ya sehemu ya mbele, kule C ilikokuwa. D ilikuwa nyuma. Huenda imepona, huenda imeguswa. Na diski yenyewe ni mbovu, ikipata joto inaanza kugonga, kwa hiyo ataisoma alfajiri tu, polepole, kabla jua halijawaka. Majina ya mafaili yamekwenda. Nisitarajie majina.

Nikauliza lini. Akasema tuombe stima isipotee. Ilipotea nikiwa bado nimesimama pale.

Jumatano, 15 Oktoba

Ugbad ameambiwa na mama yake. Amekuja akakaa kando yangu. Nilitaka anikasirikie. Akasema, si makusudi, Aabo. Afadhali angenitusi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekwenda afisini kuomba waahirishe. Risper, karani wa kamati, dada wa kutoka Kisii, ana adabu, ananiita Mwalimu. Anasema hawaahirishi. Na kuna jambo jingine. Kadi ya kliniki peke yake haitoshi.

"Kadi itatuonyesha mtoto wa jina hili alizaliwa Garissa. Lakini alama za vidole vya huyu ziko kwa kadi ya reshoni ya Hagadera, kadi ya chakula cha msaada, kama binti ya mama mwingine. Tunataka kujua alifikaje huko. Aliyempeleka ndiye angetuambia. Sasa wewe ulituambia ni marehemu mama yako."

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Mara ya pili sasa. Mara ya kwanza ilikuwa Machi, mbele ya kamati nzima, Ugbad akiwa pembeni yangu.

Mzee Kerrow, mmoja wa wazee wa kamati, alikuwa benchini anangoja saini. Akaingilia: "Huyu baba yake najua, babu yake najua. Lakini kombiuta nasema yeye refugee, mimi nitafanya nini? Mwalimu, lete karatasi. Lete bicha. Kitu yoyote ya siku ile."

Kitu chochote cha siku ile, Risper naye akasema. Hata kikaratasi.

Kipo. Wallahi kipo. Nimerudi nyumbani kwa miguu, jua la saa saba, sikuliona.

Ijumaa, 17 Oktoba

Niandike, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Kiswahili humu ndani sote tunakijua, lakini daftari langu hakuna anayeligusa.

Hakuwa mama. Nilikuwa mimi.

Mwaka 2011, ule ukame. Mbuzi wote wa baba walifia malishoni, Hadado. Mimi nilikuwa mwalimu wa mkataba, mshahara unakuja ukipenda. Hagadera kulikuwa na unga na mafuta. Kuna mama, Fartun, alikuwa amevuka mpaka na watoto wawili, mtu akatukutanisha. Nikamchukua Ugbad, miaka mitano, nikasema ana saba, nikamwandikisha kwa kadi ya Fartun. Alilia walipomshika vidole. Nikamwambia ni mchezo.

Mama alinikataza. Alisema kondoo huazimwa, ngamia huazimwa, mtoto haazimwi. Huyo ndiye niliyemsingizia.

Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, niliandika mkataba! Kwa mkono wangu, wino wa buluu: Mimi Billow Mursal nimemwazima Bi Fartun binti yangu Ugbad kwa ajili ya kadi ya reshoni, mgao tutagawana nusu kwa nusu. Tarehe, saini yangu, kidole chake. Mwaka uliofuata nikaupiga skana pamoja na kadi ya kliniki. Siku moja, folda moja. Nakala ya Fartun sijui iliko. Alirudi kwao Kismayu zamani, laini yake haipatikani.

Ile karatasi ingemtoa mtoto wangu kwenye orodha ya kambi kwa dakika moja. Na ndiyo karatasi niliyokuwa naiogopa kuliko zote.

Leo baada ya swala ya Ijumaa Amran alitaja jina la mama, akasema Allah amrehemu. Ugbad hakuitikia amina. Tangu Machi haitikii. Alilelewa mgongoni mwa bibi yake huyo huyo! Nikachukua wali.

Jumamosi, 18 Oktoba

Diski ya zamani ni ya GB 160. Mpya ni 500. Vipimo viliandikwa pale pale, mbele ya majina. Mtoto wa darasa la tatu anajua mia moja na sitini si mia tano.

Niliona? Nafikiri niliona. Najua kwamba nilipobonyeza mara ya pili, niliifikiria ile karatasi ya wino wa buluu. Kabla ya kubonyeza au baada? Nimejaribu kukumbuka siku nzima. Sijui. Labda sikusahau, labda nilijisahaulisha. Mtu anaweza kujifanyia hivyo na asijijue? Ninajichukia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimefanya jambo baya zaidi, au nimekwenda kulifanya. Baada ya alfajiri nilitoka kwenda kumwambia Kioko aache. Nilishapanga maneno: basi ndugu yangu, usijisumbue, diski imekufa, ni kadari. Ugbad angeamini. Angenisamehe hata hilo.

Kioko yuko sakafuni, diski juu ya kitambaa chenye maji, feni mbili zinaipulizia, macho mekundu. Kabla sijafungua kinywa:

"Mwalimu! Nimeipata D!"

Akanishika mkono. Anacheka. Hajalala siku tatu kwa ajili ya mtoto wangu. Anasema picha zinatoka, nyingine nzima, nyingine nusu, na ziko nyingi. Nikacheka na mimi. Nimecheka mpaka machozi yakanitoka, akanipiga bega: "Lia tu, Mwalimu, hata mimi ningelia."

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Shule imefungwa. Kioko ameleta fleshi mwenyewe hadi nyumbani. Picha elfu sita, mia mbili na kumi na nne. Hazina majina, namba tu. Hazina folda. Diski haitasomeka tena, anasema. Mkono wake wa kusomea umevunjika ndani.

Nikasema nitazipitia mimi. Haraka mno nilisema! Ugbad akacheka, akasema macho yangu hayaoni hata chumvi mezani. Ameazima laptopu ya Idman, rafiki yake, akaanza. Moja moja. Harusi za watu, mitihani ya zamani, ng'ombe wa mjomba, mimi na nywele. Mara kwa mara anamwita mama yake aje wacheke.

Amefika mia tisa.

Jumanne, 21 Oktoba

Kadi ya kliniki imepatikana, namba 2,806. Alipiga kelele, nikatoka bafuni na sabuni.

Nusu. Juu linasomeka jina lake na uzito wa kuzaliwa. Chini ni kijivu kitupu – hakuna mhuri, hakuna tarehe, hakuna hospitali. Tumempigia Kioko. Anasema pale Windows imekanyaga. Haitarudi.

Ugbad hakulia. Amefunga laptopu, ameifungua tena. Anasema labda kuna nyingine, labda niliipiga mara mbili. Nikasema labda. Amran akaniuliza kando, jikoni: kule kwenye folda, hapakuwa na kitu kingine? Anajua. Tangu siku ile ya kwanza anajua nani alikwenda Hagadera, na tangu Machi amenifichia uongo wangu. Njia ya mwongo fupi – nimeisahihisha methali hii kwenye madaftari ya watoto mara elfu.

Nikasema sikumbuki. Akaondoka.

Jumatano, 22 Oktoba

Kesho.

Nimeamka na nia. Nimekunywa chai nayo, nimekwenda nayo shule, nimerudi nayo. Ugbad, keti. Maneno mawili tu. Sikuyasema asubuhi kwa sababu alikuwa anafua. Mchana kwa sababu wageni walikuja. Sasa tumeshaswali alasiri, hakuna anayefua, hakuna mgeni.

Yuko chumba cha mbele, namsikia. Kipanya kinalia, tek, kimya kidogo, tek. Yuko elfu tano na kitu. Huenda ile karatasi haikupona. Huenda imepona nusu, na nusu ipi? Naomba ipatikane. Naomba isipatikane. Mungu atanisikiliza mimi kwa lipi katika hayo?

Ikipatikana, kesho Risper ataisoma mbele ya kamati. Mzee Kerrow ataisoma. Mwajiri wangu atasikia. Mwalimu wa serikali, mkataba wa kugawana reshoni. Hayo nitayabeba. Wallahi nitayabeba. Lakini Ugbad atajua miezi saba amemnyima bibi yake dua kwa ajili yangu.

Nitainuka sasa. Niimalize sentensi hii niinuke, nimwambie mwenyewe kabla

Ameita. "Aabo! Huu si mwandiko wako?"

Sauti yake ina furaha. Ameujua mwandiko kabla ya kuona kilichoandikwa.

Kipanya kimenyamaza. Anasoma.