Sanda ya Mama Nimeichana kwa Mikono Yangu

Shangazi Lakica,

Nakusoma kila Alhamisi, na mara nyingi nimewaambia waumini wangu waache kukuandikia wewe wapeleke shida zao kwa Mungu, sasa leo mimi mwenyewe nimeketi na kalamu, karatasi ya tatu hii, mbili nimezichana, na ninachoomba ni unisaidie kabla mwezi wa Shaabani haujaingia, maana zimebaki wiki tatu tu.

Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo la mabati hapa Kampala, upande wa Kyambogo, naishi Ntinda na mke wangu Rosalba, watoto wetu watatu, na mama. Mama huyu, Zulaika, ni Mnubi, Mwislamu, na si yeye aliyenizaa. Aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka minne, na baba yangu, polisi kutoka Lira, akamwoa Mama Zulaika aliyekuwa jirani yetu katika kambi ya polisi, na Mama Zulaika alikuwa amemwahidi marehemu kitandani hospitalini kwamba nitabaki katika dini yake ya Kikristo, basi kila Jumapili alinivisha soksi nyeupe akanipeleka kanisani mwenyewe, akaketi nje kwenye baraza ya duka na mtandio wake mpaka ibada iishe, miaka na miaka, jua na mvua, na watu wa kwao wakimsema. Shangazi, kama leo nashika Biblia, ni yeye aliyenishikisha. Nampenda kuliko ninavyojua kusema.

Sasa ziwa Kyoga lilipopanda na kuingia vijijini upande wa Amolatar, kanisa letu likaamua kwenda misheni kuwahubiria watu waliofurikiwa na kuwapelekea nguo na unga. Siku tunapakia lori mama hakuwepo, alikuwa Bombo kwa dada yangu Lailah, nikampigia simu kumwomba chochote, naye akafurahi, akaniambia nifungue sanduku lake la bati lililo chini ya kitanda nichukue mablanketi, yale ya juu. Yale ya juu, alisema hivyo, nilisikia vizuri. Lakini nilipofungua nikaona chini yake kuna shuka nyeupe zimekunjwa, zinanukia udi, nikasema moyoni kwamba mama asipunguziwe baraka zake kwa ajili ya shuka mbili tatu, na dereva alikuwa anapiga honi, nikabeba vyote.

Kivuko cha ziwani kilikuwa kimesimamishwa kwa ajili ya maji, tukazunguka kwa daraja la Karuma mpaka Lira ndipo tukateremka, siku mbili njiani, na tulipofika tukakuta watu wamejaa kwenye shule ya msingi, darasa moja familia kumi, na vitu vyetu vikaisha siku hiyo hiyo. Siku ya tatu nilikuwa nahubiri pale uwanjani, mkunga akaja akanivuta mkono katikati ya mahubiri, akasema kuna mama mmoja, Amito, anajifungua kwenye darasa la nne na hakuna hata kitambaa kimoja kikavu. Nikakimbia kwenye lori, nikakuta zile shuka nyeupe ziko chini ya turubai, kavu kabisa. Nilizichana kwa mikono yangu, Shangazi. Kipande kimoja kikamfunga mtoto, kingine tukamtandikia mama yake, vingine mkunga akavitumia kwa kazi yake, na mtoto akalia, msichana, na darasa zima likapiga vigelegele. Amito akaniuliza nguo nzuri namna hii ni ya nani, nikamwambia ni ya mama yangu, akataka jina, na mtoto akaitwa Zulaika. Nililia mbele ya watu wote.

Nilirudi Kampala nikatoa ushuhuda kanisani, jinsi Bwana alivyoleta kitambaa cheupe chenye manukato kwenye mafuriko. Jina la mama sikulitaja, nakuambia ukweli, kuna waumini ambao hawapendi kusikia kwamba mchungaji wao anakaa na mama Mwislamu, nikaona ushuhuda utakwenda vizuri zaidi bila hiyo habari. Watu walisimama wakapiga makofi, vijana wa vyombo vya sauti wakaurekodi kwa video wakausambaza kwenye simu, na wanafunzi wa chuo wakaniita nikautoe tena kwao.

Wiki iliyofuata ushuhuda ulimfikia Lailah, akanipigia kutoka Bombo. Hakunisalimia. Aliniambia, "Odur, ile si shuka. Ile ni sanda ya mama."

Mama alikwenda Hija miaka minane iliyopita, na huko, kama wanavyofanya wazee wengi wa kwao, alinunua vitambaa vya kuzikiwa, akavichovya katika maji ya Zamzam, akavikausha, akaja navyo. Kila Shaabani hutoa vitu vyote sandukuni na kuvianika uani. Nimeviona kambani miaka hiyo yote nikidhani ni shuka. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka juzi alijaribu kuniambia. Tulikuwa tumeketi, akasema, "Odur, mimi nikikufa, wewe utafungua ile sanduku yangu, chini kabisa..." nami nikamkatiza, nikainua mkono nikasema nakataa, kifo hakina nafasi katika nyumba hii, nikamwombea maisha marefu, naye akasema amina, akainuka kwenda kuchambua mchele. Hakuitaja tena habari hiyo.

Sasa Lailah na Rosalba wamekubaliana kwamba tununue kitambaa kingine kama kile, tukifukize udi, tukirudishe sandukuni kabla ya Shaabani, kwa sababu mama ana presha na habari kama hii inaweza kumwangusha. Mimi sijui. Tangu nilipotoka misheni siwezi kumtazama usoni, nakula haraka naondoka. Juzi ananipa chai akaniuliza, "Yule mtoto ya kule kwa maji, alilala na joto?" nikasema ndiyo mama, nikasingizia nachelewa kwenye maombi, nikatoka na chai sijaimaliza. Je, nikimwambia nikamwua? Na nikinyamaza, siku atakapofariki nitawapa akina mama wanaomwosha kitambaa cha uongo? Huyu ni mwanamke ambaye hakunidanganya hata siku moja. Nisaidie.

Mchungaji Odur, Ntinda.


Mchungaji,

Kwanza nikutoe wasiwasi. Majina yote nimeyabadilisha, la kwako, la mama, hata la ziwa, na jibu hili nimekutumia kwa simu siku kumi kabla halijachapwa, kwa sababu sitaki mama yako asomewe gazeti na mjukuu. Wewe hukumfanyia heshima hiyo, lakini tutafika huko.

Kuhusu mtoto sina ugomvi nawe. Mtoto amezaliwa, kuna maji kila upande, mkono wako umegusa nguo kavu, ukaichana. Hata mimi ningeichana. Nilimwendea Mzee Sulaimani, mwalimu wa madrasa jirani yangu hapa Wandegeya, nikamsomea barua yako bila kutaja jina. Alifuta miwani yake, akasema sanda ya Hija ni mapenzi ya mtu, si sharti la dini, na kitambaa chochote cheupe na safi kinatosha kumzika Mwislamu. Lakini akaongeza kwamba kilikuwa na mwenyewe, na msamaha uko kwa mwenyewe, si kwa shehe wala kwa mchungaji.

Kwa hiyo tuzungumze habari ya mwenyewe. Soma tena barua yako, pale ulipoandika habari ya chai. Mama amekuuliza kama mtoto alilala na joto. Nani alimwambia kuna mtoto? Wewe hukumwambia, umekuwa ukila na kukimbia. Lailah asingethubutu, wala Rosalba. Nyumba yako ina watoto watatu na simu, na ushuhuda wako umezunguka mji mzima. Mama yako ameuona, Mchungaji. Na mwanamke aliyekutuma uchukue mablanketi, unadhani aliporudi kutoka Bombo hakufungua sanduku lake kuona kilichobaki? Alifungua. Alikuta bati tupu. Anajua tangu siku zile, na presha haijamwangusha, na kila siku anakumiminia chai akisubiri useme.

Sasa mtazame akiangalia video hiyo. Anakusikia ukisimulia nguo yake ya kuzikiwa, anasikia kwamba Bwana aliileta. Sawa, Bwana aliileta. Aliitoa katika sanduku la nani? Ulipokuwa mdogo mama huyu aliketi nje ya kanisa ili wewe uingie. Leo kanisa ni lako, funguo ziko mfukoni mwako, na bado umemwacha nje barazani. Hili ndilo lililonikasirisha, wala si kitambaa, na nimelazimika kwenda kunywa maji kabla ya kuendelea kukuandikia.

Pamoja na yote hayo, baada ya kuona video, alichokuuliza ni kama mtoto alipata joto. Hakukuuliza habari ya nguo. Nilipofika hapo nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Mpango wa dada yako na mkeo uache leo hii. Wanampenda, najua, lakini fikiria Shaabani inaingia, mama anafungua sanduku analojua ni tupu, anakuta kitambaa kipya kimefukizwa udi wa juzi. Hapo ndipo mtamwumiza kweli. Atajua kwamba watoto wake wote wamekaa kikao wakakubaliana kumdanganya, na kwa jinsi alivyo atakaa kimya, atakikunja vizuri, na atazikwa ndani ya uongo wenu ili msiaibike.

Fanya hivi. Nenda kesho, alasiri, akishamaliza kuswali na kukunja mswala wake. Nenda peke yako, Rosalba abaki jikoni. Biblia iache chumbani, mama yako anajua unayo, ndiye aliyekununulia soksi za kwendea kuisoma. Usikae kwenye kiti, kaa chini mkekani. Usianze na mafuriko wala na Karuma wala na mapenzi ya Mungu. Anza hivi: mama, nilichukua vya chini ambavyo hukuniambia nichukue, nikachana sanda yako, na kanisani nilificha kwamba ni yako. Sema kwa sauti ya kawaida, kisha unyamaze. Kama atakasirika, mwache akasirike. Kama atalia, mshike mkono. Kama atacheka, na wazee wa kambini wana kicheko chao kwa mambo kama haya, usijione umesamehewa haraka hivyo.

Kisha mwambie jina la mtoto. Umemnyima hiyo habari wiki zote hizi, na habari hiyo ni mali yake kuliko ya mtu yeyote hapa Kampala. Kama una picha, mwonyeshe. Maji yakishuka, mpeleke akamwone, kivuko kitakuwa kinafanya kazi, na kama magoti yatamruhusu nadhani atataka kumbeba.

Kitambaa kipya, ukitaka kununua, nenda naye dukani. Achague mwenyewe, aguse, agombane na mwenye duka, wewe ubebe mfuko. Hakitakuwa na maji ya Zamzam. Mwulize Lailah kama kuna mtu wa Bombo anayekwenda Hija mwaka huu, huenda chupa moja ikapatikana, na kama haikupatikana basi.

Jumapili simama mahali pale pale uliposimama, utoe ushuhuda mara ya pili, na mara hii useme mama yangu Zulaika, Mnubi, Mwislamu, aliyenilea. Kama wapo watakaohama kanisa kwa ajili hiyo, wafungulie mlango uwaage kwa heshima. Na siku hiyo weka kiti mbele. Hatakikalia kama hataki, hiyo ni dini yake, lakini akione.

Limebaki moja, na kwako ndilo gumu kuliko yote. Mkishamaliza kuzungumza pale mkekani, mwombe akuambie lile alilotaka kukuambia mwaka juzi. Nani amwoshe, azikwe wapi, aitwe nani kutoka Bombo, wewe Mkristo usimame wapi siku hiyo. Chukua daftari uandike. Ulimkatiza ukidhani unafukuza kifo, kumbe ulimfukuza mzee aliyekuwa anakukabidhi kitu chake cha mwisho, na kama ungemwacha aseme maneno mawili zaidi, sanduku lile ungelifungua kwa mikono mingine. Akifika kwenye neno nikikufa, kinywa chako kitataka kukemea. Kifunge, Mchungaji, umsikilize mama yako mpaka amalize.

Shangazi Lakica